Paa Ndilo Linaloungua

Mpaka natimiza miaka sabini na moja sikuwa nimejua kwamba Wazungu nao waliwahi kuishi kwenye nyumba za udongo. Sisi tuliosoma kwa mapadri tulikuta kanisa la matofali, shule ya matofali, hata banda la nguruwe la matofali. Nikadhani Mzungu huzaliwa na tofali mkononi.

Aliyenitoa ujinga huo ni mjukuu wangu Sharon. Tulikuwa jikoni kwangu hapa Chanji, nje kuna ukungu kiasi kwamba hata choo hakionekani, yeye akanisogezea simu usoni. Kwenye simu kulikuwa na picha ya nyumba ya ghorofa moja, mbao nyeusi zimepita huku na huku ukutani kama mikanda, na kati ya mbao na mbao ni peupe.

"Bibi, hii ina miaka mia sita. Iko Ulaya."

"Na hapo peupe pamejengwa kwa nini?"

"Udongo. Wamesuka fito, wakakandika, wakapaka chokaa juu."

"Acha uongo."

"Wamechanganya na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Soma mwenyewe."

Nilimnyang'anya simu. Niliangalia ile nyumba juu mpaka chini. Nguzo, naziona. Mtambaapanya, upo. Paa la nyasi, limekatwa vizuri ukingoni kama nywele za mwanafunzi. Kitu pekee nisichokijua ni ile ghorofa ya juu, ilikuwa imetokeza nje kuliko ya chini, kama mtu aliyeshiba. Lakini mengine yote! Nikabaki nimeshika simu ya watu, mdomo wazi.

"Kumbe walikandika," nikasema.

"Walikandika, Bibi. Sasa mimi nataka kuijenga hii, ndogo, ikae mezani."

Niwaeleze Sharon ni nani. Ni mtoto wa marehemu binti yangu Dominika, ana miaka ishirini na mitatu, na tangu amalize shule kazi yake ni kuandika vibao. Kibao cha saluni ile ya karibu na soko, chenye mwanamke mwenye nywele kama mawingu, ni mkono wake. Lakini siku hizi watu wanachapisha mabango kwa mashine, na Sharon alikuwa anakaa mwezi mzima bila kuitwa popote.

Mjomba wake Adriano, mwanangu wa kwanza, ana vichanja vya kuanikia dagaa kule Kirando. Krismasi alipokuja alisema mbele yetu wote: "Mama, Pasaka nikija, kama huyu hana kazi ya kueleweka, namchukua. Dagaa zinataka mtu ninayemwamini." Hakusema kwa ubaya. Adriano hana ubaya, ana sauti tu. Lakini Sharon akinusa gunia moja la dagaa hupiga chafya mpaka macho yanavimba, na kitu anachokipenda duniani ni brashi. Akiondoka, brashi inakufa. Na mimi nabaki na kuku.

Basi ndipo akatokea Azizi. Azizi ni kijana wa yule mwenye duka la vipuri na malori pale mjini. Alisoma Dodoma, akarudi na mchezo. Wanauchezea mezani, vijana wazima wenye ndevu: wanapanga askari wa plastiki, kila mmoja urefu wake kama kifundo cha kidole, wana mikuki na ngao na farasi, kisha wanapigana kwa kurusha dadu. Ana wenzake Mbeya na Dodoma, na walitaka kijiji cha zamani cha kupigania. Akamwambia Sharon: "Nitengenezee nyumba moja. Ikipita, kijiji chote ni chako, na baada ya hapo kuna watu wengine wanasubiri." Aliahidi kuja kuiona Jumanne, wiki ya nne ya Kwaresima.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nyumba ikipita, Sharon anabaki. Isipopita, Kirando.

Sharon aliijenga wiki mbili. Hakutumia udongo. Azizi alimpa ile takataka nyeupe nyepesi inayokuja imeizunguka televisheni ndani ya boksi, ukiikata inalia kama panya. Akaikata kwa wembe, akaunganisha kwa gundi, akabandika vijiti vya mishikaki kuwa mbao, akapaka. Jamani, yule mtoto anapaka! Anaanza na rangi nyeusi tupu, unasema ameharibu. Halafu ya kahawia. Halafu anachovya brashi, anaifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kukauka, anapitisha juu juu tu, na hapo mbao zinazeeka mbele ya macho yako. Mishipa ya mti inatokea. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda namwangalia mpaka maharage yanaungua.

Ijumaa mchana alimaliza. Rangi ilikuwa bado inanata, na kwa ukungu ule ingenata mpaka Utatu Mtakatifu. Akaiacha mezani, akaenda mjini kurekebisha kibao cha mtu. Mimi nilikuwa nakwenda Njia ya Msalaba. Nikaigusa kwa kidole, nikaona alama ya kidole imebaki. Nikasema, Jumanne si mbali.

Sasa, nyumbani kwangu kitu kikikataa kukauka, kina mahali pake. Juu ya mafiga kuna kichanja. Mahindi ya mbegu yamekauka hapo, ulezi umekauka hapo, viatu vya ubatizo vya watoto watano vimekauka hapo. Nikapunguza moto ukabaki makaa tu. Nikatandika gazeti, nikaiweka ile nyumba juu taratibu, mlango ukitazama ukutani isiingie majivu. Nikajifunga khanga, nikaenda kusali.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Ilinuka kama kandambili iliyoanguka motoni.

Nyumba ilikuwa imesinyaa. Sijui niseme nini kingine. Ile ghorofa ya juu ilikuwa imeinama na kuingia ndani ya ile ya chini, ukuta umekunjamana kama uso wa mzee asiye na meno, na vijiti vya mishikaki vimetokeza nje kama mbavu. Nilisimama na rozari mkononi. Sikupiga kelele. Nilisahau kwamba watu hupiga kelele.

Sharon akaingia anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akaangalia mezani, akaangalia juu ya moto, akaniangalia mimi. Akakaa chini sakafuni na mkoba wake begani.

"Bibi," akasema. "Umeipika nyumba yangu."

"Nilitaka ikauke."

"Umeipika."

"Kila kitu kinakauka pale, Sharon."

"Ile siyo kitu, Bibi! Ile ni hewa. Ni hewa iliyoganda!"

Nilimwambia nisamehe, akasema nimekusamehe, lakini alisema akiwa anautazama ukuta. Kipande kingine cha ile hewa hakikuwepo. Baadaye nikamsikia chumbani anatoa begi chini ya kitanda. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Najiandaa na dagaa."

"Zile nyumba zenyewe, ulisema zilijengwa kwa nini?"

Akatia shati ndani ya begi.

"Nimekuuliza."

"Nguzo, fito, udongo."

"Na mavi ya ng'ombe."

"Na mavi ya ng'ombe."

"Basi unalia nini, na wewe una mimi?"

Hapo akacheka huku makamasi yanamtoka, na tukaanza.

Jumamosi alfajiri nilikwenda kuchukua udongo wa kichuguu, ule mwekundu uliokwisha kutafunwa na mchwa, haupasuki ovyo. Nikauponda, nikauchekecha kwa chujio la chai. Udongo wa nyumba ya watu hukandwa kwa miguu. Wa hii niliukanda kwa vidole viwili. Nikakata majani ya ulezi membamba kama nywele, nikachanganya, nikafunika kwa kitambaa kibichi mpaka mchana ulainike. Nguzo alizisimamisha Sharon, kwa zile mbao zake za mishikaki alizoziokoa. Fito zilikuwa vijiti vya ufagio, nikavifunga kimoja kimoja kwa uzi wa gunia. Macho yangu hayaoni mbali tena, lakini karibu naona kama kunguru.

Tulikandika mkono wa kwanza, ukapasuka, ndivyo inavyotakiwa. Tukaziba kwa mkono wa pili wenye mavi ya ng'ombe, tukasiriba. Safari hii kichanja kilifanya kazi yake bila kumkosea mtu. Jumatatu jioni Sharon alipaka mbao nyeusi, na mimi kuta nikazipaka ule udongo mweupe ambao zamani tulikuwa tunapakia nyumba kabla ya sikukuu. Masizi ya chungu tukayapaka kwenye bomba la moshi. Mimi nikaezeka, nikianzia chini ukingoni nikipanda juu, tabaka kwa tabaka.

Jumanne asubuhi Sharon alikwenda kisimani. Nikatazama paa, nikaona limewekwa tu juu ya kuta. Sikuipenda hiyo. Paa lisilofungwa ni kofia. Nikalifunga kamba nane, nikakaza.

Sharon akarudi, akajaribu kulinyanyua, akaweka ndoo chini.

"Bibi. Umelifunga?"

"Upepo wa huku unaujua."

"Paa linatakiwa litoke! Askari wanaingizwaje ndani?"

"Si kuna mlango?"

"Kwa mkono, Bibi! Mkono wa mtu uingie!"

Kabla sijajibu, honi ya pikipiki ilikuwa inalia nje.

"Shikamoo Bibi," akasema Azizi, amelowa kidogo mabegani, mkononi ana sanduku la plastiki lenye askari wake.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa, uji upo."

Hakukaa. Aliiona nyumba mezani akaiendea moja kwa moja. Akainyanyua kwa mikono miwili, akashangaa uzito. Akaizungusha. Akainusa.

"Mbona inanuka zizi?"

"Ni mavi ya ng'ombe," Sharon akasema kwa sauti ndogo.

"Ya kweli?"

"Waulize Wazungu wako," nikasema. "Imeandikwa."

Azizi akacheka sana, lakini hakusema imepita. Akasema lazima tuipime mchezoni. Akatandaza kitambaa cha kijani juu ya meza yangu, akaiweka nyumba katikati, akapanga askari wake upande mmoja. Sharon akapewa wakulima wanane wenye majembe na mapanga. Akachukulia kwamba wamo ndani, kwa kuwa paa halitoki, akawalaza pembeni ya meza.

Mimi nikavuta kigoda. Nilikuwa na raha, sitaficha. Kazi ya mikono yangu ilikuwa imekaa pale katikati ya majani ya kijani, nyeupe, na wageni wanaikaribia.

Azizi akarusha dadu.

"Sita! Imewaka."

Akaichukua nyumba, akaiweka juu ya kiti.

Nikasubiri airudishe. Akaendelea kupanga askari.

"Unaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Imeungua, Bibi."

"Nani ameiwasha?"

"Dadu. Hawa wa mbele wana mienge. Nyumba ikiwaka tunaitoa mezani."

"Na watu waliokuwa ndani?"

"Nao wanatoka. Wamekufa."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Siku nne za kazi. Nikaangalia pale katikati ya kitambaa palipokuwa na nyumba, pamebaki kijani tupu, kama hapajawahi kukaa mtu.

"Irudishe," nikasema.

"Nini, Bibi?"

"Irudishe mezani. Nyumba ya kukandika haiondoki hivyo. Paa ndilo linaloungua. Kuta hubaki."

"Sheria ya mchezo inasema..."

"Aliyeandika sheria hiyo hajaona nyumba ikiungua. Mimi nimeona kumi na moja kwa asubuhi moja."

Sharon akageuka. Mimi mwenyewe nilijishangaa. Neno hilo lilikuwa limekaa ndani yangu miaka hamsini na lilitoka kama vile naulizwa bei ya nyanya.

Ikabidi niendelee. Niliwaambia ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kitongoji chetu kilikuwa mlimani, nyumba kumi na moja, kisima chini. Tuliambiwa tuhame, tukachelewa, ulezi mwingine ulikuwa bado shambani. Asubuhi moja wakaja vijana waliotumwa. Hawakumpiga mtu. Walitoa vitu vyetu nje kwa adabu kabisa, mitungi, kitanda, kinu, wakavipanga kwenye majani. Mmoja aliniuliza, "Mama, hujasahau kitu ndani?" Nikasema sijasahau. Ndipo akaweka moto kwenye paa langu. Moja baada ya nyingine, ili tusirudi.

"Adriano alikuwa mgongoni," nikasema. "Ana siku arobaini na tatu."

"Mjomba?" Sharon akasema. "Mjomba Adriano?"

"Paa linawaka upesi, hata hujamaliza Baba Yetu moja. Linaanguka ndani. Halafu kimya. Ukifumbua macho kuta zote zimesimama, milango iko wazi. Unaweza kuingia ukasimama chumbani kwako ukaona mbingu. Ghala la ulezi ndilo lililofuka siku tatu. Bonde lote likanuka ulezi uliokaangwa."

Azizi alikuwa amevua kofia. Kofia ya mvua tu, lakini aliivua.

Niliinuka nikachukua kisu. Nikakata kamba moja moja, zote nane. Nikaliondoa paa, nikaliweka kando, na nyumba nikairudisha mahali pake. Azizi akachungulia ndani.

"Kuna mafiga," akasema. "Kuna... Bibi, kuna kitanda."

"Watalala wapi?"

Wakacheza tena. Safari hii nyumba ilipowaka, paa liliondoka, kuta zikabaki, na wakulima wa Sharon wakajificha nyuma ya kuta hizo. Azizi akahangaika nao mpaka uji ukapoa. Alipokuwa anafunga sanduku lake alikuwa anaongea haraka haraka, macho yanamwaka.

"Sharon, hii imepita. Imepita na kupitiliza. Hakuna mwenye kitu kama hiki, hata Dodoma. Nataka kumi na moja. Paa linatoka, ndani pameungua. Kitongoji chote, kama alivyosema Bibi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama kijana yule, mwenye heshima zake, niliyemkaribisha uji, na sikuamini ameomba kitu gani. Angeomba sanda ya mume wangu akashone suruali nisingeshtuka zaidi.

"Nenda," Sharon akamwambia. "Nitakupigia."

Alipoondoka, Sharon akakusanya brashi zake, akazifunga kwa kitambaa.

"Sifanyi, Bibi. Siyo ya kuchezea. Nitakwenda Kirando, kwani nitakufa? Nitazoea."

Alisema kweli, nilimwona usoni. Siku ya pili akafua nguo zake zote. Siku ya tatu akazikunja. Pasaka ilikuwa imebaki wiki mbili na siku tatu, na mimi sikumwambia lolote. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na bado anatafuta limetoka wapi. Nikichota maji nauona mlima. Nikitwanga, nausikia moshi. Miaka hamsini nilikuwa nimetembea na kitu hicho wala hakunisumbua mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Watoto wangu niliwaambia tu, tulihama.

Ijumaa nikamkuta Sharon mezani, begi liko mlangoni. Alikuwa na ile nyumba isiyo na paa mbele yake na brashi moja mkononi. Hakuwa anafanya kazi, anajifurahisha tu, kama mtu anayeonja mara ya mwisho. Alikuwa anapaka masizi. Nikasogea. Alikuwa ameyapaka chini ya dirisha.

Nilijizuia. Nilihesabu mpaka kumi. Sikuweza.

"Siyo hapo," nikasema.

"Bibi?"

"Masizi hayashuki, yanapanda. Moto unatoka dirishani unalamba juu. Paka hapa, juu ya dirisha, ulimi mmoja. Na juu ya mlango, mkubwa zaidi."

Akapaka.

"Ndani kusiwe kweusi kote. Pale paa lilipoangukia, moto umeuchoma udongo, unakuwa mwekundu kama chungu kilichopikwa. Mweusi juu, mwekundu chini. Na vichwa vya nguzo vibaki vimetokeza, vimechongoka kama meno."

Brashi ilisimama.

"Bibi, una uhakika?"

"Mpigie Azizi," nikasema. "Lakini zitakaa nitakavyosema mimi."

Tulijenga kumi nyingine. Sitasimulia zote, zilikuwa za Wazungu kwa mbao zao na ghorofa zao zilizoshiba, kama Azizi alivyotaka. Lakini kila iliyokauka niliiweka mezani kwa mkono wangu, na mkono ulijua pa kuweka. Hii ya mzee Eustace, karibu na njia ya kisima. Hii ya mama Minza, mlango umegeuka upande kwa sababu hakuelewana na jirani. Sharon akacheka akaandika jina chini ya kila moja kwa penseli. Ya kumi na moja ilikuwa ya mwisho, mlimani kabisa, na hapo nikamwambia asiweke ghorofa, wala mbao za nje. Chumba kimoja, sebule, mlango unatazama kilima. Nje ghala la ulezi lililoungua, na kinu kilichopangwa kwenye majani kwa adabu.

Adriano alifika Jumamosi Kuu na lori la dagaa, anaongea kabla hajaingia.

"Mama, shikamoo! Yuko wapi mfanyakazi wangu? Lori linageuza kesho jioni. Sharon! Begi liko wapi?"

"Marahaba," nikasema. "Vua viatu, vina magamba."

Akaingia akaiona meza. "Haya ndiyo makorokoro ya Azizi mliyoniambia kwenye simu? Watu wazima wanachezea..." Akasogea. Akainama, mikono nyuma, kama anayekagua dagaa wa mtu mwingine. "Zimeungua."

"Ndiyo, Mjomba."

"Za Ulaya?"

"Za Ulaya."

Akaizunguka meza. Niliona anafuata ile njia ya kisima kwa macho, anapanda nayo. Akafika mwisho, akasimama.

"Wazungu gani hawa wana kinu?"

Sharon akanitazama mimi.

"Mama, hapa ni wapi?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikamwambia. Sikuketi hata chini. Nilimwambia mlima, mwaka, siku arobaini na tatu, na yule kijana aliyeniuliza kama sijasahau kitu ndani. Mwanangu ana miaka hamsini, ana mvi, ana sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mlisema tulihama," akasema.

"Tulihama."

Akapiga magoti macho yawe sawa na meza. Akaingiza kidole chake mlangoni, kidole kinene, na kikakwama.

"Ndogo hivi?"

"Ilitutosha."

Akaendelea kuangalia. Akagusa pale ndani palipo pekundu, akaangalia kidole kama kimechafuka.

"Hii Azizi hatachukua," akasema.

"Mjomba, ameagiza kumi na moja. Wiki ijayo zinakwenda Mbeya."

"Nimesema hii hatachukua. Hii ni ya kwangu."

"Basi itabidi nijenge nyingine."

"Si ujenge!"

"Lini, Mjomba? Lori si linaondoka kesho?"

Adriano akainuka taratibu, magoti yanalia. Akamtazama Sharon kama ndiyo kwanza anamwona, ana udongo mpaka kwenye nyusi, brashi imechomekwa kwenye nywele.

"Kaa ujenge," akasema. "Vichanja nitampa Basil wa jirani." Kisha akatoka nje haraka, akasimama uani kwenye mvua muda mrefu kuliko mtu anayekwenda haja.

Pasaka jioni tulimsindikiza. Nyumba alikuwa ameifunga kwenye koti lake, akakataa isiwekwe nyuma na magunia. Akapanda mbele, akaiweka magotini. Dereva akawasha gari, na kabla mlango haujafungwa nikamsikia mwanangu anamwambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, aende polepole kwenye mashimo, kuna nyumba humu.